Uzi wa Bluu kwenye Cherehani cha Marehemu

Kuna wanawake ambao waume zao hutakiwa na wanawake wengine. Wangu alitakiwa na nchi. Hati ya kumkamata ilitoka Zambia, ina mihuri miwili, na jina lake limeandikwa sawasawa mpaka la babu yake, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewaandikia. Mwizi gani huacha jina la babu yake? Lakini swali hilo lilinijia baadaye. Siku polisi walipokuja nyumbani nilikuwa na hasira tu, tena hasira zenyewe nilimwonea yeye, si polisi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Aliyewahi kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni ananielewa. Ghafla maduka ya Singida mjini yalijaa, mitumba ikamwagwa sokoni mafungu kwa mafungu, na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Mume wangu, Mnyiramba wa Misigiri, alikuwa ananunua mafuta ya alizeti vijijini, anayajaza kwenye madumu, anapanda nayo mabasi na malori mpaka Tunduma, kisha anavuka kwenda kuyauza Zambia. Baba yangu mzazi, kule Mtinko, aliwahi kukamatwa na madumu manne ya mafuta hayo hayo. Wakati wake kazi hiyo iliitwa ulanguzi. Alikaa ndani miezi kadhaa, akatoka amekonda, na tangu hapo hakuuza tena hata yai. Sasa alikuwa anamtazama mkwewe akifunga madumu yake mchana kweupe, anatikisa kichwa. Nilidhani ni wivu wa kizee. Siku hizi nafikiri alikuwa anajiuliza kosa lake lilikwenda wapi.

Kule Zambia, nusu siku ya safari kutoka mpakani, mume wangu alikuwa na pa kufikia. Palikuwa na mzee mmoja Msukuma, fundi cherehani, aliyekwenda huko ujanani kutafuta kazi, akaoa huko huko na kuzeekea huko. Sina haja ya kumweleza mtu wa nchi hii Msukuma na Mnyiramba, watani wa jadi, wakikutana huwa wanafanyaje. Mzee alimpokea kwa kumwambia akalale bandani na kuku wenzake wa Singida. Mume wangu akamjibu kwamba Msukuma kabla ya kukata suruali lazima ampime ng'ombe kwanza. Baada ya hapo wakala sahani moja. Kila aliporudi safari, mume wangu alinisimulia matusi mapya ya yule mzee hata kabla ya kuniambia kama mafuta yameuzika.

Safari moja alifika akakuta watu wamekaa chini, wanawake wanalia. Mzee alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa siku hiyo hiyo. Mume wangu alilia. Hilo nalijua, maana alilia tena aliponisimulia. Kisha akatazama huku na huku, akaona mke, watoto, majirani na watu wa kanisani, ila hakuona hata mtu mmoja wa kumtukana marehemu. Kwetu mtu hazikwi hivyo. Mtani ndiye anayemwambia maiti aache uvivu ainuke. Mtani ndiye anayeweza kubeba mali ya marehemu mbele ya wafiwa, nao wasiseme neno. Siku nyingine wataifuata na kuigomboa kwa kuku au mbuzi, na nyumba iliyolia itacheka.

Basi baada ya maziko aliinua cherehani cha mzee, kile cha kuzungusha kwa mkono chenye mfuniko wa mbao, akakiweka kichwani na kutangaza mbele ya watu wote kwamba Msukuma amemkimbia na yeye anaondoka na mateka. Alimwandikia mtoto mkubwa wa marehemu karatasi yenye jina lake, la baba yake, la babu yake, na mtaa tunaokaa Singida. Akamwambia waje na kuku mweupe. Yule mtoto, mtu mzima, naye fundi kama baba yake, alibaki anamtazama tu. Mume wangu akadhani ni huzuni. Kumbe mwenzake hakuwahi kusikia habari za utani tangu azaliwe. Baba yake alimrithisha ufundi, hilo lingine hakumwambia. Alichokiona ni mgeni anayeondoka na riziki ya nyumba. Walimwacha apite kwa heshima ya msiba, kesho yake wakaenda polisi.

Kwetu cherehani kilikaa sebuleni, juu ya meza ndogo, kimefunikwa kitambaa. Amri ilikuwa moja: kisiguswe. Kitu cha mtani unakitunza, hukitumii. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, kuku haji. Mimi nilikuwa nimenunua kitambaa cha bluu cha mapazia, kizuri, ambacho miaka ya nyuma ungekiona kwa wakubwa tu. Fundi wa sokoni alikuwa ananizungusha, kila siku njoo kesho. Alasiri moja mume wangu alikuwa amekwenda Misigiri kununua mafuta. Uvumilivu ukaniisha, nikakifunua.

Kwenye sindano palikuwa na uzi mweupe, mfupi. Niliuchomoa. Sijui ni kwa nini sikuutupa. Niliuzungusha kwenye njiti ya kibiriti, nikautia kwenye kopo langu la vifungo. Nikapachika uzi wangu wa bluu, nikashona mapazia mawili na kuyatundika siku ile ile.

Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni na vumbi lake. Ni mtu wa mzaha, hata ukimwamsha usingizini atakuamkia kwa kichekesho, lakini siku hiyo nilimwona mtu mwingine. Alifoka mpaka wapangaji wote wakasikia.

"Cherehani hiki si chetu. Ni cha watu, watakuja kukichukua. Unataka nionekane mwizi?"

Na mimi breki sina. Nilimwambia kwamba aliyeingiza mali ya maiti humu ndani si mimi, na kama ni cha watu, basi hao watu wake wameoza pamoja na marehemu wao. Tuligombana hivyo mpaka akatokea mzee wa chumba cha pili, mnunuzi wa ng'ombe, naye Msukuma. Alisimama mlangoni, akasema Mnyiramba akiona cherehani hudhani ni mashine ya kukoboa mtama. Nikacheka mimi kwanza. Lakini mapazia sikuyavua. Ukaidi tu.

Baada ya wiki moja walikuja askari wawili wa hapa, mmoja wa Zambia, na yule mtoto wa marehemu. Mume wangu alipomwona alifurahi mpaka nikaona aibu. Alitoka nje mikono wazi, akamuuliza kuku yuko wapi. Wakamfunga pingu, na cherehani wakakibeba.

Siku mbili za kwanza nilikuwa nimekasirika. Nilimpelekea chakula mahabusu na kumsema huku anakula. Siku ya tatu hasira ziliisha, na mahali pake ukaingia woga ambao sijawahi kuuona tena. Polisi walisema hakimu akiridhika atasaini, na mume wangu atapandishwa basi na pingu zake mpaka mpakani, akakabidhiwe. Mimi nilijua Singida, Dodoma niliijua kwa kupita. Zambia sikujua hata iko upande gani wa jua. Akifungwa huko, nani atampelekea ugali? Nani atamtania? Nilikuwa nalala upande wangu wa kitanda tu, wa kwake siugusi, kama na wenyewe una mwenyewe atakayekuja kuugomboa.

Mahakamani kulikuwa na mama mmoja karani, tuliimba naye kwaya. Nilimwamkia, akanikalisha kwenye benchi la nje na kunieleza taratibu. Alisema mtu hatolewi nchini kama gunia. Hakimu lazima ajue kwanza kwamba huyu ndiye yule anayetafutwa, si mwingine mwenye jina kama lake. Tena lisiwe jambo dogo la kumalizwa na mjumbe wa nyumba kumi, wala usiwe ugomvi wa siasa. Lakini kubwa kuliko yote, alichofanya kiwe ni kosa kule na kiwe ni kosa hapa pia. Kikiwa kosa upande mmoja tu, harudishwi mtu.

Nilimwambia habari za baba yangu na madumu yake manne, jinsi jana alivyokuwa mhalifu na leo angekuwa mfanyabiashara. Akasema ndiyo maana wanauliza pande zote mbili. Basi nikamuuliza, je, utani? Alisema kitabu cha sheria hakina utani, ila kina nia. Aliyechukua kitu huku anaamini kwa dhati kwamba ana haki ya kukichukua, hapa kwetu huyo si mwizi. Kazi ni kumwonyesha hakimu alichokuwa anaamini, maana moyo wa mtu hauwekwi mezani kama kielelezo.

Nilirudi nyumbani nina nafuu. Nikafungua mlango, nikakutana na mapazia yangu ya bluu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba uzi wangu niliuacha kwenye sindano, na cherehani kiko mahakamani.

Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba wanaume hawatazami sindano.

Siku ya shauri chumba kilijaa. Mzee mnunuzi wa ng'ombe aliitwa aeleze utani, akaueleza vizuri, mpaka hakimu akaweka kalamu chini asikilize. Mwendesha mashtaka akamuuliza jambo moja tu: mtani aliyechukua mali ya marehemu anaruhusiwa kuitumia? Mzee akasema hapana, huo unakuwa si utani tena. Alisema kweli. Nilimlaani kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Kisha akasimama mtoto wa marehemu. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, cha kununua na kuuza, lakini kilitosha. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alisema baba yake alikuwa anamshonea shati jeupe la kuendea kanisani, akaugua kabla hajamaliza. Cherehani kiliondoka nyumbani na uzi wa shati lile kwenye sindano. Akakisogelea pale mezani, akainamisha kichwa kama mafundi wanavyofanya, akatazama.

"Hapa kuna uzi wa bluu," alisema. "Wa baba uko wapi?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Mwendesha mashtaka naye aliinama akatazama, akainuka na uso wa mtu aliyeokota pesa. Alimwambia hakimu kwamba mtu anayetumia mali ya mwenzake kushonea mahitaji yake ameshaifanya ya kwake. Mbele ya ushahidi huo, alisema, utani umekwisha, kilichobaki ni wizi, kule na hapa. Hakimu alianza kuandika.

Mume wangu kizimbani alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alijua nani ameshona. Neno moja tu, mke wangu, lingemtoa kwenye shimo lile, naye hakulisema. Alikuwa ameshaamua kwenda Zambia na ulimi wake mdomoni. Jamani, hilo lilinipandisha hasira kuliko yote aliyowahi kunifanyia. Mume gani anakubali kupelekwa na pingu nchi ya watu kwa ajili ya mapazia? Watu husema hasira hasara, na siku nyingine zote nakubali. Siku ile ndizo zilizoninyanyua kwenye benchi.

Askari aliniambia nikae. Sikukaa.

"Mheshimiwa, uzi huo ni wangu," nilisema. "Nilishona mimi, yeye akiwa Misigiri. Aliporudi alinigombeza mpaka nyumba nzima ikasikia."

Hakimu hakunifukuza. Aliniapisha, akataka nimwambie neno kwa neno mume wangu alisema nini siku ile. Nikasema yote. Cherehani si chetu. Ni cha watu, watakuja kukichukua. Unataka nionekane mwizi? Akaniuliza na mimi nilijibu nini. Nikaona mficha uchi hazai, nikatoa na lile la kuoza. Watu walicheka. Yule mtoto wa marehemu hakucheka. Nilimgeukia nikamwomba radhi pale pale.

Mwendesha mashtaka aliuliza kwa nini sikusema mapema. Nilimjibu niliona aibu, na ni kweli. Mzee mnunuzi wa ng'ombe aliitwa tena, akasema ugomvi aliusikia kwa masikio yake, wiki nzima kabla ya askari kufika, na kama si yeye tungechomana macho. Hakimu akamuuliza askari wa Zambia cherehani walikikuta kimefichwa wapi. Yule askari, mtu wa haki, akasema hakikufichwa, kilikuwa sebuleni. Mwisho ikasomwa ile karatasi: jina, la baba, la babu, mtaa, na chini yake, kwa mwandiko wa mume wangu wa kupinda kama mkia wa mbwa, kuku mweupe.

Tulitolewa nje, tukaitwa tena baada ya chakula cha mchana. Mimi sikula. Hakimu alisoma taratibu, mengine sikuyasikia kwa sababu masikio yalikuwa yanavuma, lakini haya niliyasikia.

"Mimi siamui kesi ya Zambia. Naulizwa swali moja tu: kitendo hiki kingefanyika hapa Singida, ningempeleka mtu huyu kujibu shtaka la wizi? Nisingempeleka."

Akaendelea kwamba mtu aliyechukua kitu hadharani, akaacha jina na anwani, akakitunza na kumgombeza mkewe kwa kukigusa, alikuwa anaamini anatimiza wajibu wa msiba. Hapa hakuna kosa, na pasipokuwa na kosa pande zote mbili hapatolewi mtu. Cherehani kikabidhiwe kwa mwenyewe leo hii. Mume wangu, badala ya kushukuru Mungu wake, alinyoosha mkono kizimbani kuulizia kuku. Hakimu alimtazama juu ya miwani, akamwambia anyamaze kabla hajapata kosa la upande mmoja.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilijisikia kama mtu aliyetembea na ndoo ya maji kichwani kutoka mbali, halafu imetuliwa, shingo haijaamini bado. Nikalia, nikacheka, nikalia tena, na karani wa watu kasimama pembeni na leso yake. Mume wangu alipotokea sikumkumbatia, kwetu hatufanyi hivyo barabarani. Nilimkung'uta vumbi la mahabusu mabegani kwa nguvu, mpaka akasema namuumiza.

Mfuniko wa mbao wa cherehani ulikuwa umebaki nyumbani. Jioni ile, jua bado lipo, mtoto wa marehemu alikuja kuuchukua, ameletwa na mzee mnunuzi wa ng'ombe. Walikuwa wameshinda pamoja tangu mahakama ilipofungwa, wanaongea, na macho ya kijana yalikuwa mekundu. Nilimkaribisha, nikamchinjia jogoo wangu mwenyewe. Tulipomaliza kula nilileta kopo la vifungo, nikatoa ile njiti ya kibiriti na kumpa. Aliutazama ule uzi mweupe muda mrefu. Aliutia kwenye mfuko wa shati akaufunga kifungo, nami nikaona kwamba amenisamehe, na moyo wangu ukatulia kabisa, hata kile kipande kidogo kilichokuwa kimebaki.

Akaaga. Akabeba mfuniko wake. Alipofika dirishani akasimama, akayatazama mapazia yangu, akashika upindo na kuukagua kifundi. Halafu akanyoosha mkono, akashusha fimbo ya kutundikia, akayachomoa mapazia yote mawili, akayakunja vizuri, akayatia kwapani na kutoka nayo nje. Hakukimbia. Alitembea.

Nilifungua mdomo kuita mwizi. Wallahi neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kitambaa changu, jasho langu, mbele ya macho yangu, ndani ya nyumba yangu, na mtu anaondoka nacho kama cha baba yake. Ilinichoma hapa kifuani, na ndipo nilipojua yeye aliona nini siku ile ya msiba, alipoukodolea macho mgongo wa mume wangu. Nikafunga mdomo. Nyuma yangu mume wangu alikuwa amekaa sakafuni, machozi yanamtoka kwa kicheko, na mzee mnunuzi wa ng'ombe anapiga makofi.

Uani kijana aligeuka.

"Mje na kuku," alisema. "Mweupe."

Tulikwenda kuyagomboa baada ya mavuno ya alizeti, sote wawili. Mpaka siku hiyo dirisha langu lilikaa wazi, na sikulitundikia hata kanga. Kila aliyepita barabarani alituona ndani: meza ndogo, sahani ya ugali, na mume wangu yupo, anakula.